Kadi Inayochoka Ndani ya Kisanduku

Msikilizaji wetu wa Lurambi, Shinyalu hadi Mumias, kile kisanduku kinachowasha taa, kupima maji ya tangi na kuhifadhi picha za kamera ya getini kikizima, tunalaumu stima. Mara nyingi iliyokufa ni kadi ya memori.

Kadi hiyo haina kinachozunguka, lakini huchakaa. Kila data inapofutwa na kuandikwa upya, umeme hupenyezwa kwenye seli zake na kuzidhoofisha. Seli za kawaida huvumilia mara elfu chache tu. Mwaka 2021, Tesla iliyarudisha karakana magari yapatayo 135,000 nchini Marekani kwa sababu hiyo hiyo: memori ya gigabaiti 8 ilichoka baada ya miaka mitano au sita, na picha ya kamera ya nyuma ikapotea. Ikiwa gari la bei hiyo lilipatwa, je, kadi ya bei rahisi?

Hapa Kakamega tuna radi za alasiri. Stima ikikatika kadi ikiwa inaandika, faili zinaweza kuharibika hata kadi ikiwa mpya. Ndiyo maana mimi ningeanza na betri ya akiba. Halafu nunua kadi iliyotengenezewa kamera, yenye nafasi kubwa kuliko unayohitaji, ili uchakavu ugawanywe kwenye seli nyingi. Wenye kuendesha kisanduku kwa programu ya Home Assistant, ambayo kwa kawaida huweka kumbukumbu za siku 10, mwambieni fundi aondoe vipimo msivyovisoma, ili kadi iandikwe mara chache. Mwenye uwezo aweke diski ya SSD badala ya kadi. Nakala ya mipangilio ikae kwenye simu au flashi, nje ya kisanduku.