Jina la Mtaani na Jina la Mtandaoni

Katika mitaa ya Kimara, jijini Dar es Salaam, ambako mtu mzima hutambulika zaidi kwa jina la mwanawe, yaani Mama Asha au Baba Juma, kuliko kwa jina lililo katika kitambulisho chake cha taifa, desturi ya kujipatia jina jipya mtandaoni si ngeni kama inavyodhaniwa. Tofauti ni kwamba jina la mtaani mtu hupewa na majirani, ilhali la mtandaoni hujichagulia mwenyewe, na heshima yake hujengwa kwa maandishi tu: abiria aliyebanwa ndani ya basi la mwendokasi la Kimara hadi Kivukoni, asiyejulikana na yeyote kando yake, huenda ndiye mchangiaji wa mtandaoni ambaye wengi husubiri neno lake.

Mfano ulio wazi ni JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni nchini Tanzania lililoanza mwaka 2006 likiitwa JamboForums, ambako wanachama wengi hutumia majina bandia, yaani majina yasiyomtambulisha mwenyewe. Hoja kwamba majina hayo ni kichaka cha watukanaji ina ukweli wake. Lakini mtumishi wa umma anayetaka kufichua ubadhirifu ofisini kwake hana kichaka kingine. Kichaka hicho kilijaribiwa Desemba 2016: mwanzilishi mwenza wa jukwaa hilo, Maxence Melo, alikamatwa, kisha akashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kiini cha mvutano kikiwa taarifa za watumiaji ambazo polisi walizitaka naye hakuzitoa.