Upepo Hauleti Mafua



Kila kipupwe mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu, huwaonya wazazi redioni wafunge madirisha kwa sababu upepo unaleta mafua. Sehemu kubwa ya mhadhara huu nitaitumia kumpinga, maana ushauri wake unaumiza watoto.

Virusi vya mafua hutoka katika pua na koo la mtu. Upepo hauvizai. Nje, pumzi ya mgonjwa hutawanyika upesi na jua hudhoofisha virusi vilivyomo. Chumba kikifungwa, pumzi hiyo hurundikana.

Twendeni Alaska, mwaka 1977. Taarifa ya mtafiti Moser na wenzake, iliyotoka 1979, mimi huwasomesha wanafunzi wangu wote, neno kwa neno. Ndege yenye watu 54 iliharibika injini ikitaka kuruka, ikakwama chini kwa muda wa saa tatu. Mtambo wa kuingiza hewa haukufanya kazi. Ndani alikuwamo abiria mmoja mgonjwa. Zilipotimia saa 72, asilimia 72 ya abiria walikuwa na homa, kikohozi na maumivu ya mwili. Tena waliokaa ndani muda mrefu ndio walioumwa kwa wingi kuliko walioshuka mapema. Baridi ya Alaska ilikuwa nje ya ndege. Virusi vilikuwa ndani.

Mwenzetu huyo wa redioni atasema baridi hudhoofisha kinga ya pua. Nakubali kwa kiasi: utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 2015, uliotumia seli za panya, uliona kinga dhidi ya virusi vya mafua ya kawaida ikilegea katika ubaridi wa puani. Lakini virusi hivyo sharti kwanza vitoke kwa mtu. Mimi nimekulia Njombe. Mwezi Julai tulilala watoto wote chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa gunia. Akianza mmoja kukohoa, haukupita muda tukawa tunakohoa sote, na bibi akiulaumu umande.

Sisemi kwamba nje hakuna hatari. Mtafiti Bulfone na wenzake, katika mapitio ya tafiti za korona yaliyochapishwa mwaka 2021, waliona kuwa chini ya asilimia 10 ya maambukizi yaliyoripotiwa yalitokea nje. Kuzungumza uso kwa uso kwa muda mrefu katikati ya umati kunatosha kuambukiza. Na turubai la harusi lililoteremshwa pande zote silihesabu kuwa nje.

Wanaofunga madirisha kwa kuogopa mbu wana hoja nzito zaidi, lakini dawa yao ni wavu. Na faida ya kuyaacha wazi imepimwa. Kule Lima, mtafiti Escombe na wenzake walipima hospitali, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007: wodi kuukuu zenye dari ndefu na madirisha mapana zilibadilisha hewa zaidi kuliko vyumba vya kisasa vyenye mitambo. Sisi tunajenga madarasa yenye madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo hata yakifunguliwa yote huachia nusu tu ya nafasi. Kwangu, darasa la namna hiyo halijakamilika, na mkandarasi asilipwe mpaka alirekebishe.