Tusiwaombe Wanajeshi Wawe Wetu

(Mazungumzo niliyoyatoa kwenye semina ya vijana wa chama.)



Sisi huitana makamanda. Leo naomba nimzungumzie kamanda wa kweli, Jenerali Mrisho Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa JWTZ.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi. Walitaka nyongeza ya mishahara, na walitaka maafisa wa Kiingereza waondoke. Maasi yakafika hadi Tabora. Siku 5 baadaye yalizimwa na makomando wa Uingereza walioombwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe. Fikiria aibu ile, uhuru una miaka 2 tu!

Jeshi likavunjwa. Sarakikya, kijana wa miaka thelathini hivi aliyesomea uafisa Sandhurst, akakabidhiwa kazi ya kujenga jingine. JWTZ likazaliwa tarehe 1 Septemba 1964, naye akaliongoza mpaka 1974. Tumpe haki yake. Uganda walipinduliwa 1971, sisi hatukupinduliwa.

Lakini mageuzi yale yalikuwa na gharama. Askari wengi wapya walitoka Umoja wa Vijana wa TANU, na mwanajeshi akaruhusiwa kuwa mwanachama. Jeshi likawa la taifa na la chama kwa pamoja.

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, ilibidi nyuzi hizo zikatwe. Ndiyo maana Ibara ya 147 ya Katiba inampiga marufuku mwanajeshi kujiunga na chama chochote. Kura yake anabaki nayo. Na jamani, someni mpaka mwisho: ibara hiyo inahesabu polisi, magereza na JKT kuwa wanajeshi pia. Kwa hiyo polisi anayezuia mkutano wetu kwa sababu tu ni wetu, anakwenda kinyume na roho ya ibara hiyo. Hilo tulidai bila kuchoka.

Sasa niseme lisilopendeza. Uchaguzi ukiharibika, nasikia baadhi yetu wakisema, "Bora jeshi lichukue nchi." Kaka yangu ni askari. Nikiwa nimevaa fulana ya chama hapigi picha na mimi, na sijawahi kumuuliza kura yake anampa nani. Mwanzoni niliumia. Siku hizi namheshimu kwa hilo.

Hatuwezi kulia kwamba bunduki zina chama, halafu tukaomba ziwe za kwetu. "Chochote" kwenye Katiba kinatuhusu na sisi. Siku tukishika dola, nataka kaka yangu aendelee kukataa ile picha.