Mjumbe Aliyerudi Mikono Mitupu: Kirilo Japhet na Kesi ya Ardhi ya Wameru



Habari za Kirilo Japhet wengi wenu mnazijua. Vitabu vya shule humpa mistari michache: mwaka 1952 alikwenda Umoja wa Mataifa kudai ardhi ya Wameru, mwaka 1955 Mwalimu Nyerere naye akaenda, kisha ukaja uhuru. Katika masimulizi hayo Kirilo ni kama mpagazi aliyetangulizwa na taa ili mkubwa apate kuona njia. Jioni hii nataka kumtua mzigo huo. Alikuwa na shauri lake, na wenye shauri walikuwa hapa mlimani wakimsubiri. Tena nitadai kwamba nguvu aliyokuwa nayo mbele ya mabalozi ilitokana na kitu ambacho Wameru walikikataa huku nyumbani.

Tuanze na ardhi yenyewe. Vihamba vya migomba na kahawa viko juu, kusini na mashariki ya Mlima Meru, penye mvua. Chini ni mbuga. Mmeru hakuishi kwa kihamba peke yake, kwani ng'ombe walitaka malisho na magadi ya nyanda, na kijana akioa alitaka mahali pa kuanzia. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani walilipiza kisasi kwa kuua watu, kuchoma na kuteka mifugo, na kabla karne haijageuka boma lilikuwa linajengwa Arusha. Ndipo mashamba yalipoanza kukatwa. Walikuja Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakaja walowezi wa Kijerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walitaifisha mali za Wajerumani, lakini mashamba hayakurudi kwa wenyewe. Yaliuzwa tena, safari hii kwa Wagiriki, Waingereza na wengineo. Yakawa yamelala kati ya kihamba na mbuga, hata Mmeru aliyetaka kuteremsha ng'ombe wake akawa anapita kwa hisani ya mlowezi.

Pamoja na hayo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imeiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Wanasheria waliomo humu watanielewa upesi. Mwananchi aliyenyang'anywa shamba alimkuta mnyang'anyi wake ndiye mwenye neno la mwisho.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze tatizo la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Tume ilikiri kwamba wenyeji wamebanwa, ikapendekeza baadhi ya mashamba yaliyo karibu na mlima yarudishwe kwao. Lakini ikapendekeza pia eneo la Ngarenanyuki lisafishwe, Wameru waliokuwa wakiishi humo waondoke, ili mashamba ya Wazungu yaungane kuwa eneo moja lisilokatizwa kuelekea Sanya, kwa ufugaji wa nyama na maziwa. Tume iliyoundwa kwa sababu Wameru hawana nafasi ikamalizia kwa kuwafukuza mahali walipokuwa wamepata nafasi! Walioambiwa wahame walionyeshwa Kingori. Walipajua Kingori, joto lake na magonjwa yake, wakasema hawaendi.

Tarehe 17 Novemba 1951 maofisa wa serikali na askari waliingia Ngarenanyuki. Watu wapatao 3,000 walitolewa kwa nguvu. Nyumba zilichomwa, mazao yakaachwa shambani, mifugo ikaswagwa na mingi ikafa. Kanisa na shule navyo havikusalimika. Jambo hili liliwauma kwa namna ya pekee, kwa maana Ulutheri ulikuwa umekwisha kuota mizizi Meru tangu misheni ya Nkoaranga ilipofunguliwa mwaka 1902. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa Wakristo kama waliowafukuza.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo panaporukwa. Wameru walikuwa wamekubaliana wasipigane. Hapakurushwa mkuki. Askari walikuta watu waliokaa, wasiosaidia kuhama na wasiopiga. Kisha serikali ikaleta fidia, na watu wakaikataa. Mtu aliyechomewa nyumba, mwenye watoto wanaolala kwa jamaa, anaonyeshwa fedha za serikali na anasema hapana. Mwaka huu, mwaka ujao, bado hapana.

Kwa nini? Akili ya kawaida ingesema chukua hela, kesi iendelee. Wazee wale hawakuwa wanasheria, lakini walielewa kwamba fidia ikipokelewa, mjadala unageuka kuwa wa bei. Serikali ingesema ardhi imelipiwa, kilichobaki ni malalamiko ya kiasi. Kwa kutoipokea, swali lilibaki lilelile: nani alikuwa na haki ya kuwaondoa? Mimi naiona kuwa hoja ya kisheria iliyokomaa kuliko nyingi zilizoandikwa kwa taipu miaka ile, na waliiandika kwa kukaa na njaa.

Sisemi kwamba Wameru walikuwa kitu kimoja. Mangi Sante alionekana na wengi kuwa mtu wa serikali, na ugomvi juu ya utawala wake ulikuwa umeanza kabla nyumba hazijachomwa. Chama cha raia wa Meru kilichosimamia kesi kilisimama pia dhidi ya mangi, na mwishowe mangi huyo aliondolewa. Wapo wanaoona ni aibu kuzitaja habari hizi mbele ya wageni. Mimi sioni aibu. Watu waliokuwa wakimdai Mwingereza haki walikuwa wakimdai na mkubwa wao wa nyumbani, kwa wakati mmoja.

Njia iliyobaki ilikuwa Umoja wa Mataifa. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, bali nchi ya udhamini, na Kifungu cha 87 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kiliruhusu malalamiko ya wananchi kupokelewa. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyefungua ofisi Moshi, ambaye baadaye angekuwa jaji hapa Tanzania na Jaji Mkuu wa Shelisheli. Kirilo, kijana aliyekuwa mwanaharakati wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, hapa Arusha, ndiye aliyechaguliwa kuwa mjumbe. Wameru wakachanga nauli. Seaton alitangulia mbele ya Baraza la Udhamini katikati ya mwaka 1952, na Baraza likatoa maneno ya masikitiko lisiamuru ardhi irudishwe. Kirilo alifika baadaye, akaongea mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu mwishoni mwa mwaka huo.

Angalieni kalenda. Tarehe 20 Oktoba 1952 Kenya ilitangaziwa hali ya hatari. Wiki chache baadaye mtu kutoka upande wa pili wa mpaka anasimama New York kueleza ardhi iliyochukuliwa na nyumba zilizochomwa, na watu wake hawajamwaga damu. Uingereza haikuweza kumwita gaidi, wala kusema ardhi imekwisha kulipiwa. Na huko Marekani kwenyewe Mahakama Kuu ilikuwa bado haijatoa hukumu ya 1954 dhidi ya ubaguzi mashuleni. Rosa Parks angekataa kutoa kiti chake Montgomery mwezi Desemba 1955. Tukimpanga Kirilo na wapigania haki za raia wa dunia ile, hakuja nyuma yao.

Kamati ya Nne ilipitisha azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao. Lilipofika kwenye kikao cha Baraza Kuu, Desemba 1952, halikupata theluthi mbili ya kura. Likaanguka, na Kirilo akarudi mwaka 1953 bila hati na bila ekari.

Alirudi na nini basi? Alirudi na habari ya kusimulia. Alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akieleza kwamba serikali inaweza kuulizwa maswali mbele ya watu, na kwamba bwana shauri naye ana wakubwa wanaotaka maelezo. Mwaka huohuo Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa kutokana na TAA. Uhusiano upo, siukani. Ila mkulima wa Usukumani au wa Pare aliyemsikiliza Kirilo hakuambiwa nadharia ya uhuru. Aliambiwa kisa cha nyumba, ng'ombe na kura, na mwenye kuona.

Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walitoa kitabu cha kesi hiyo. Mwaka huohuo Azimio la Arusha lilitangazwa, na sisi tuliosoma baada ya hapo tulifundishwa Arusha ya Azimio hata tukaisahau Arusha ya kesi. Mpango wa ufugaji wa Wazungu haukutimiza yale yaliyoahidiwa, na Ngarenanyuki ikarudi mikononi mwa Wameru. Leo ni kata ya wakulima, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na nyanya zake zinauzwa katika masoko ya mji huu. Ardhi haikurudishwa kwa amri ya New York. Ilirudi kwa sababu watu hawakuiuza, na walipotokea watawala wengine, madai yalikuwa bado hai.

Kuna jambo moja linalonisumbua, na sina jibu lake. Hapa Arusha ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 26 Mei 2017 iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa msitu wa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya, ardhi yao ipimwe na wapewe hati ya pamoja. Waogiek walipata kila kitu ambacho Kirilo alikikosa, yaani mahakama, hukumu, hata kiasi cha fedha kilichoandikwa. Novemba 2023 familia za Waogiek zilibomolewa nyumba na kufukuzwa tena Mau. Walioshindwa kwa kura wanalima Ngarenanyuki, na walioshinda kwa hukumu wakajikuta wanatafuta pa kulala. Tofauti hii haielezwi na sheria peke yake, na ningependa mwanafunzi mmoja wa chuo hiki aifanye kuwa utafiti wake.

Muda wa maswali umefika. Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, wazee wa Ngarenanyuki waanze. Wapo humu waliokuwa watoto mwaka ule wa 1951, na kama nimekosea mahali, wanisahihishe hapahapa.