Mtumba, Pembe na Mnyororo: Nani Anazisoma Alama za Njia ya Misafara?

Mwishoni mwa 1873, msafara uliotoka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kuelekea pwani ulikwama Kasekera kwa sababu ya umbo la mzigo mmoja. Mzigo huo kila aliyeuona aliutambua. Ulikuwa maiti ya mmishenari na mpelelezi David Livingstone, iliyokaushwa na kufungwa ndani ya gome la mti. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameibeba tangu kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia mwezi Mei. Wenyeji wa mbele hawakutaka maiti ipite kwao.

Wapagazi hawakubishana nao. Waliitoa maiti kwenye gome, wakaifunga upya kwa vitambaa hadi ikafanana na mtumba wa nguo, kama mitumba mingine yote iliyopita njia ile. Kisha wakakata mabua, wakayafunga kwa umbo la maiti, na watu sita wakatwikwa furushi hilo kurudi nalo Unyanyembe, kama vile wanakwenda kuzika. Walipofika porini waliyatawanya mabua, wakarejea kwa wenzao kimya kimya. Maiti ya kweli ikapita ikiwa imevishwa sura ya biashara. Ilifika Bagamoyo Februari 1874, na tarehe 18 Aprili ikazikwa Westminster Abbey, London.

Mada hii inaanza na kisa hicho kwa sababu wabebaji wale walijua kwa vitendo jambo ambalo wataalamu wa alama huliandikia vitabu: watu husoma umbo walilolizoea, na mara nyingi hawaendi mbali zaidi ya hapo. Hoja yake ni moja. Kwa miaka 150 alama za njia ya misafara, kuanzia Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, zimefasiriwa na wageni, wamishenari, watawala, wanasiasa na waongoza watalii. Fasiri iliyofifia ni ya mpagazi, aliyezitengeneza nyingi ya alama hizo kwa miguu na mabega yake.

Mzigo uliokuwa na cheo

Watu wa pwani ndio waliowaita wapagazi wa bara Wanyamwezi, jina linalohusishwa na upande wa magharibi, kunakoandama mwezi. Kwa Wanyamwezi kazi ya upagazi ilikuwa na heshima yake. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado hajakomaa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakijadiliana malipo na kugoma pale walipoonewa.

Msafara wenyewe ulisomeka kutoka mbele hadi nyuma. Aliyetangulia alikuwa kirangozi, kichwani manyoya, mkononi bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Nyuma yake walifuata wabeba pembe za ndovu, walioonekana bora kuliko wengine. Ncha ya pembe ilifungwa kengele ya ng'ombe, ikilia kwa kila hatua. Halafu wakaja wenye mitumba ya nguo za merikani na kaniki, na wenye shanga. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Aliyesimama kando ya njia aliweza kusikia kengele na kujua utajiri unapita kabla hajauona.

Shanga nazo zilikuwa na lugha yake. Zile nyekundu ziitwazo sami-sami zilipewa majina ya utani: kimarapamba, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kutoa hata chakula chake ili azipate, na lingine la kuvunja mji, kwa kuwa wake waliwafilisi waume zao kwa ajili yake. Rangi iliyopendwa nchi hii haikutazamwa nchi ya pili, na mfanyabiashara aliyekosea kuchagua shanga Zanzibar alifika bara na mzigo usionunua hata kuku.

Maneno mawili ya njia ile yamebaki midomoni mwetu yakiwa yamebadili maana. Hongo ilikuwa ushuru uliolipwa waziwazi kwa mtemi ili msafara upite salama. Leo ni fedha inayopitishwa chini ya meza. Mtumba ulikuwa furushi la nguo mpya begani mwa mpagazi. Leo ni nguo iliyokwisha kuvaliwa Ulaya au Marekani.

Pembe imekwenda mbali zaidi. Tabora ilipokuwa makao ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, karakana ya reli ilitengeneza mwaka 1916 sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Upande mmoja alikaa tai wa Kaiser, upande wa pili ndovu ameinua mkonga, nyuma yake mlima. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini, na sarafu ile ikawa kitu cha wakusanyaji.

Baada ya uhuru pembe zikarudi katika nembo ya taifa. Watanzania huwaita watu wawili wanaoishikilia ngao "bibi na bwana", na mtoto wa shule atakwambia karafuu iko miguuni pa bwana na pamba miguuni pa bibi. Lakini kila mmoja wao ameshika pembe ya ndovu. Wengi huzitaja kama dalili ya wanyamapori na utajiri wa nchi. Ni nadra kusikia mtu akisema kuwa hao ni watu wawili waliobeba mzigo uleule uliojenga Tabora.

Bagamoyo: moyo uliobwagwa na nani?

Jina la Bagamoyo lina fasiri mbili zinazogombana. Ya kwanza ni ya huzuni: mtumwa anafika ukingoni mwa bahari, anaubwaga moyo wake, kwa kuwa nchi yake haitaiona tena. Ya pili ni ya nafuu: mpagazi aliyetembea miezi kadhaa anatua mzigo, anaiona bahari, moyo unatulia. Wapelelezi Burton na Speke, waliosafiri kwa kasi ya misafara ya wakati wao, walitumia zaidi ya miezi minne mwaka 1857 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora. Aliyepita njia hiyo na mzigo begani alikuwa na haki ya kubwaga moyo.

Watalii wengi leo huelezwa fasiri ya kwanza. Hali ni hiyo pia kwa miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji, ambayo huelezwa kuwa alama ya njia ya watumwa. Mwembe ni mti ulioletwa bara na watu wa pwani, hivyo ni shahidi wa kweli wa makazi yao na vituo vyao. Ila chini ya kivuli chake walipumzika mtumwa, mpagazi wa ujira, mfanyabiashara na askari wake, na embe lililiwa na wote. Zanzibar nako mnyororo uliochongwa ukingoni mwa milango hutajwa kuwa tangazo la mwuza watumwa, huku wengine wakiueleza kama kinga ya nyumba na waliomo.

Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina lililotumika linataja watumwa na pembe. Wapagazi hawamo.

Isieleweke kwamba mada hii inapunguza uzito wa utumwa. Watu walifungwa, wakauzwa na kufa njiani, na Unyanyembe yenyewe ilikuwa na watumwa wengi mashambani na majumbani. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu. Tatizo ni mnyororo kupewa kazi ya kueleza kila kitu. Mtoto wa Tabora ambaye babu wa babu yake alikwenda pwani kwa hiari, akarudi na nguo na majembe ya kuolea, hana alama inayomweleza habari hiyo.

Kwihara, nyumba ya kusubiria

Kilomita chache kutoka Tabora mjini lipo tembe la Kwihara, lenye kuta nene za udongo na mlango wa nakshi wa mtindo wa pwani. Linaitwa tembe la Livingstone. Livingstone na mwandishi wa habari Stanley walifika hapo kutoka Ujiji Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, naye Livingstone akabaki hadi Agosti.

Alibaki akifanya nini? Alikuwa akisubiri wapagazi. Bila watu zaidi ya 50 ambao Stanley aliwaajiri na kuwatuma kutoka pwani, hakuweza kusogea. Mwaka uliofuata baadhi ya watu haohao walirudi Unyanyembe wakiwa na maiti yake. Mwingereza Cameron, waliyemkuta hapo, aliwashauri waizike palepale. Wakakataa. Nyumba moja basi ina hadithi mbili: ya mgeni mmoja aliyekaa miezi michache, na ya watu wengi ambao bila wao asingefika wala asingeondoka. Jina la hadithi ya kwanza ndilo lililobaki.

Mirambo na Isike: maadui waliopatanishwa na vitabu

Mirambo wa Urambo alichagua jina la kutisha. Hufasiriwa kuwa ni "maiti". Mwaka 1871 aliingia vitani na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ikafungwa, na Stanley aliyejiunga na upande wa Waarabu akakimbizwa. Stanley akamlinganisha na Napoleon Bonaparte. Mwezi Aprili 1876 wawili hao walikutana ana kwa ana, na Stanley akashangaa kuona mtu mpole, wa sauti ya chini. Wakachanjiana damu.

Isike alikuwa mtemi wa Unyanyembe, upande wa pili wa ugomvi huo. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince walipoivunja ngome yake, aliilipua baruti akiwa ndani pamoja na watu wake. Walimkuta mahututi, wakamnyonga.

Baada ya uhuru watemi hawa wawili waliwekwa safu moja ya mashujaa waliopinga ukoloni. Kwa Isike hilo halina ubishi. Lakini Mirambo alifariki mwaka 1884, kabla utawala wa Wajerumani haujafika Unyamwezi, na alimkaribisha mmishenari wa Kiingereza kwenye mji wake. Taifa changa lilihitaji majina, likayachukua yaliyokuwa na nguvu, na uadui wa zamani ukanyamazishwa. Dar es Salaam ikapata Mtaa wa Mirambo, na Benki Kuu ikajengwa hapo, katika mtaa wenye jina la mtu aliyetoza hongo misafara.

Busara, jembe na nyumba

Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru, kilifanya mkutano mkuu Tabora kuamua kama kitashiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi waliona masharti hayo ni matusi. Kiongozi wake Nyerere, aliyesoma na kufundisha mjini humohumo, aliwashawishi wajumbe washiriki. Zuberi Mtemvu, aliyeupinga uamuzi huo, akajitoa na kuunda chama chake. TANU ilishinda, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Jina hilo limetoka kwa washindi. Wangeshindwa, huenda tungeusoma leo kwa jina la Mtemvu.

Mwaka 1965, katika uchaguzi wa chama kimoja, wagombea wawili wa kila jimbo waligawiwa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Zilichaguliwa ili wasiojua kusoma wasipate taabu, na ilidhaniwa hakuna inayoizidi nyingine. Wapiga debe hawakukubali unyamavu huo. Wa jembe wakasema jembe ndilo linalolisha. Wa nyumba wakajibu kwamba jembe nalo jioni hurudi nyumbani. Alama iliyokusudiwa isiseme kitu ilipewa maneno siku ya kwanza ya kampeni.

Muziki na mpira havikusubiri kugawiwa alama. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, jina la Unyanyembe liliendelea kusikika kupitia bendi ya Nyanyembe Jazz, iliyokuwa mji mmoja na Tabora Jazz na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Wapenzi wa Tabora United waliipa timu yao jina la Nyuki wa Tabora, kwa asali ya misitu ya miombo. Wazee wengine bado wanauita mji Mboka, neno lililokuja na watu wa Kongo waliofika kwa njia ileile ya misafara.

Hoja za majadiliano

Washiriki wanaombwa wagawanyike katika makundi manne.

1. Kundi la kwanza liandike maelezo mapya ya aya tatu kwa mgeni anayefika Kwihara, wapagazi wakitajwa katika aya ya kwanza, na Chuma na Susi kwa majina.

2. Kundi la pili lichukue nembo ya taifa na kuandaa somo la dakika 40 kwa darasa la tano kuhusu zile pembe mbili: zilitoka wapi, nani alizibeba, nani alilipwa.

3. Kundi la tatu lipendekeze namna ya kuzieleza fasiri zote mbili za jina la Bagamoyo bila kuifuta hata moja.

4. Kundi la nne liende sokoni likae na wauza mitumba. Mfanyabiashara hulinunua belo likiwa limefungwa, na hutaabika kukisia kilichomo kwa kutazama maandishi ya nje, uzito na namna lilivyokazwa. Waulizwe wanasoma nini kabla ya kukata kamba, na ni mara ngapi belo limewadanganya.