Mbuzi Yupi Yumo Guniani?

Msikilizaji, klabu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, isiyo na kwotabeki wa kutegemewa haiendi mbali, maana karibu kila shambulizi hupitia mikononi mwa mtu huyo mmoja. Ndiyo maana kila inapokaribia drafti ya Aprili, pale klabu zinapochagua kwa zamu wachezaji watokao vyuo vikuu, ubishi hurudi uleule: tumchukue chipukizi, au tutoe zamu yetu kwa klabu nyingine tupewe kwotabeki wake wa akiba, aliyekaa benchi miaka kadhaa akimtazama nyota? Wanaomtaka wa akiba husema chipukizi ni mbuzi kwenye gunia. Mimi naona gunia liko upande wa pili. Kijana wa chuo amecheza hadharani, na mikanda ya mechi zake kila klabu inayo. Wa akiba amefichwa na benchi, na wanaomwona mazoezini kila siku ni haohao wanaomuuza. Mwaka 1998 Buffalo Bills waliwapa Jacksonville Jaguars zamu ya 9 ili wampate Rob Johnson, kijana aliyekuwa ameanza mechi moja tu ya NFL. Kwa zamu hiyo Jaguars walimchukua Fred Taylor, aliyekuja kukimbia na mpira zaidi ya yadi 11,000 katika maisha yake ya uchezaji. Johnson aliachwa na Bills baada ya msimu wa 2001.

Lakini hoja yangu kubwa ni bei. Mwaka 2010 Sam Bradford, wa kwanza kuchaguliwa, alihakikishiwa dola milioni 50 kabla hajarusha pasi hata moja ya ligi, na enzi hizo ningewaelewa waliomkimbia chipukizi. Mwaka uliofuata wachezaji na wenye klabu walifikia makubaliano mapya. Cam Newton, naye wa kwanza kuchaguliwa, akasaini miaka minne kwa takriban dola milioni 22. Tangu hapo mshahara wa chipukizi unajulikana mapema, na kwa kuwa ligi imeweka kikomo cha jumla ya mishahara, kila dola isiyokwenda kwake hulipa beki au mlinzi. Wa akiba, kinyume chake, mara nyingi huja mkataba wake wa kwanza ukiwa ukingoni, kwa hiyo unamlipia mara mbili: kwanza zamu, kisha mkataba mnono. Arizona Cardinals mwaka 2011 walitoa beki mzuri na zamu ya raundi ya pili kwa ajili ya Kevin Kolb, wakamwandikia mkataba wa zaidi ya dola milioni 60. Katika misimu miwili alianza mechi 14, kisha akaachwa.

Najua nitakachojibiwa. Mwaka 2021 makwotabeki watano walichaguliwa raundi ya kwanza, na kufikia 2024 wanne kati yao walikuwa wamehama klabu zilizowachagua. Ni kweli, na inauma. Sidai kwamba chipukizi hufaulu mara nyingi zaidi. Nadai kwamba ukikosea kwake, kosa lina mwisho, na mwakani unachagua tena. Isipokuwa ujipandishie bei mwenyewe, kama San Francisco 49ers, waliotoa zamu tatu za raundi ya kwanza ili kumpata Trey Lance, mmoja wa hao watano. Hilo silitetei. Hata hivyo aliyewaokoa 49ers hao ni chipukizi mwingine, Brock Purdy, mtu wa 262 na wa mwisho kabisa katika drafti ya 2022, aliyewafikisha Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2024.

Na Brett Favre je? Green Bay Packers walimtoa benchi la Atlanta mwaka 1992 kwa zamu ya raundi ya kwanza, akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu. Ila Favre alikuwa ameingia ligi mwaka mmoja tu nyuma, na Ron Wolf, aliyemnunua, alikuwa akimtamani tangu drafti ile ya 1991. Alinunua kijana aliyemsoma chuoni.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Seattle mwaka 2012, kwa sababu klabu moja ilijaribu njia zote mbili kwa pamoja. Machi ilimsajili Matt Flynn, mchezaji wa akiba wa Green Bay ambaye siku ya mwaka mpya alikuwa amerusha yadi 480 na pasi sita za kufunga (touchdown) dhidi ya Detroit. Aprili ikamchagua Russell Wilson, zamu ya 75, kijana ambaye wengi walimwona mfupi mno. Kocha Pete Carroll aliwashindanisha kambini, na Agosti akampa Wilson kazi, ingawa Flynn ndiye aliyekuwa analipwa mamilioni. Nafasi ambayo mshahara mdogo wa Wilson uliiacha ilisaidia kuwaleta Michael Bennett na Cliff Avril kwenye ulinzi mwaka 2013. Februari iliyofuata ulinzi huo uliibana Denver Broncos ya kwotabeki Peyton Manning, na Seattle ikatwaa Super Bowl kwa 43 kwa 8.