Maji Ndani ya Lori: Kobalti ya Kolwezi na Hoja ya Umeme



Mwanauchumi mmoja ninayemheshimu alituambia kwenye kongamano kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo isijisumbue kusafisha kobalti yake, madini ya kutengenezea betri. Umeme hautoshi, utaalamu haupo, na China imeshatangulia. Basi Kongo ichimbe, iuze, ikusanye mrabaha. Ukumbi ulimpigia makofi. Usiku ule sikupata usingizi, na mhadhara huu ndio jibu langu.

Kwamba Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na kwamba sehemu kubwa husafishwa China kabla ya kuingia kwenye betri, sote tunajua. Linaloniuma ni hilo neno “haupo”.

Twendeni Luilu, nje kidogo ya Kolwezi, mji wa migodi katika eneo la Katanga, kusini mwa Kongo. Kiwanda cha pale kilianza kazi mwaka 1960 chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha mali za kampuni hiyo, na mrithi wake ndiye tunayemfahamu leo kwa jina la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Luilu haikuwa ikitoa udongo wa kwenda kusafishwa ng'ambo. Ilitoa metali: kobalti iliyonaswa kwa umeme juu ya mabamba, tayari kwa soko. Na umeme huo ulitoka mto Lualaba, kwenye bwawa la Nzilo la mwaka 1952 na la Nseke la mwaka 1956. Mabwawa yalijengwa kwa ajili ya migodi na viwanda, na vizazi vya wafanyakazi wa Katanga vilielekezana kazi kwa Kiswahili. Mei 1978 Kolwezi ilipovamiwa na waasi, bei ya kobalti ilipaa, na watengenezaji wa sumaku za kobalti wakakimbilia kutafuta mbadala. Sumaku za neodimiamu zilizokuja miaka michache baadaye zilitokana kwa sehemu na hofu ile. Nani angeshtuka kiasi hicho kama utaalamu haukuwapo?

Namkubalia mwenzangu jambo moja. Leo umeme ni haba kweli, na migodi hununua wa Zambia au huchoma dizeli. Lakini uhaba huo una historia. Mgodi wa Kamoto, uliolisha kiwanda cha Luilu, uliporomoka mwaka 1990, fedha za matengenezo zikakauka, mitambo ikazeeka. Kitu kilichoharibika hakiitwi kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Dola iliyovuta waya kutoka mabwawa ya Inga, kwenye mto Kongo, hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700, ikaukamilisha mwaka 1982, ilijua kufikisha umeme ilipotaka.

Sasa niwaonyeshe waraka ninaouthamini kuliko ripoti zote zilizo mezani kwangu. Ni nakala ya hati ya mzigo niliyopewa na dereva kwenye foleni ya malori ya Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, alikokuwa amesubiri siku ya tatu. Karatasi imekunjwa mara nne, ina doa la chai, na mihuri yake imepandana hadi mmoja hausomeki. Kwenye safu ya bidhaa imeandikwa haidroksidi ya kobalti, yaani kobalti ambayo bado haijasafishwa kuwa metali. Nyuma yetu magunia makubwa yalikuwa yakichuruzika, na utingo alikuwa ameweka ndoo chini ya tela. Nilimuuliza dereva kama mvua imewanyeshea. “Hapana, mzee, huu mzigo ndivyo ulivyo.”

Ndivyo ulivyo kweli. Haidroksidi hiyo mara nyingi nusu ya uzito wake ni maji, na kwenye kitu kikavu kinachobaki, kobalti ni kama asilimia 30. Piga hesabu ya lori la tani 30: tani 15 ni maji, na kobalti yenyewe ni tani nne na nusu. Lori hilo linakwenda zaidi ya kilomita 2,000 hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha meli inayabeba maji yale hadi China.

Mwenzangu atasema nauli ni ndogo kuliko gharama ya umeme wa kusafishia. Nimeipima hoja hiyo kwa bei tofauti za dizeli na za umeme, na kuna miaka anashinda. Hata hivyo bado nasema kiwanda cha kusafishia kikae kando ya bwawa, kule kule Kongo, kwa sababu katika miaka anayoshinda yeye, kijana wa Kolwezi anajifunza kushika sururu tu, wakati babu yake alijua kusoma mita ya tangi la elektrolisisi.